Woody Guthrie: walisema ni pombe, kumbe ni ubongo uliokuwa unakufa

Marekani, karibu kila mtoto wa shule anajua wimbo This Land Is Your Land. Aliyeutunga, mwaka wa 1940, ni Woody Guthrie. Alizaliwa tarehe 14 Julai 1912 kule Okemah, jimbo la Oklahoma, akazunguka inchi na gitare yake akiimbia wakulima na wafanyakazi maskini.

Woody alipokuwa mdogo, mama yake, Nora, alianza kubadilika: hasira za ghafla, mwili kucheza wenyewe. Watu wakamwona kama mwenda wazimu. Mwaka wa 1927 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakupona tena.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwana naye akaanza. Anayumba, maneno yanamshinda, anakasirika bila sababu. Wengi wakasema ni pombe tu. Mwaka wa 1952 ndipo waganga wa hospitali walitaja jina lenyewe: ugonjwa wa Huntington. Ni ugonjwa wa nadra, wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana hatari ya nusu kwa nusu.

Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu mbili, kaudati na putameni, zinazosaidia kuchuja miendo ya mwili: huu upite, huu usimame. Kwa mgonjwa wa Huntington, kosa kwenye jeni moja linafanya protini fulani iwe ndefu kupita kiasi. Inajikusanya ndani ya seli za ubongo, na seli zinakufa kidogo kidogo, miaka na miaka. Zile sehemu zinasinyaa. Basi mikono na miguu inaruka bila mwenyewe kutaka. Kisha kuongea, kumeza na kufikiri navyo vinaharibika.

Woody alimaliza miaka yake katika hospitali. Mwaka wa 1961 kijana Bob Dylan alikuja kumtembelea. Gitare ilikuwa imekwisha kumshinda. Akafa tarehe 3 Oktoba 1967, New York, na miaka 55. Mabinti wake wawili walikufa kwa ugonjwa ule ule.

Marjorie, aliyekuwa bibi yake, alianzisha mwaka huo chama cha familia zenye ugonjwa huo na kusukuma watafiti. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka wa 1993. Leo kipimo cha damu kinaweza kuionyesha, lakini dawa ya kuponya bado haijapatikana.

Mama aliitwa mwenda wazimu, mwana akaitwa mlevi. Haikuwa pombe, wala laana, wala ulozi.