James Chapin na unyoya uliokaa miaka 23 bila jina

Anayetoka Bunia kwa barabara ya Komanda kuelekea Mambasa na Epulu huacha nyuma vilima vya nyasi na kuingia katika msitu mkubwa wa Ituri. Mbele zaidi, kando ya mto Ituri, iko Avakubi. Hapo, mwaka 1913, kijana wa Kimarekani aitwaye James Chapin aliona kofia ya mwenyeji mmoja iliyopambwa kwa manyoya ya ndege. Alikuwa amefanya kazi Kongo kwa miaka minne na manyoya mengi aliyatambua kwa kuyaangalia tu. Unyoya mmoja ulimshinda: ulikuwa mwekundu wa udongo, wenye mistari myeusi. Akauhifadhi.

Chapin alizaliwa New York Julai 9, 1889. Alikuwa na umri wa miaka 19 tu mwaka 1909 alipotumwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani kwenda Kongo pamoja na Herbert Lang, Mjerumani aliyemzidi kwa miaka kumi. Walitakiwa kuleta okapi na kifaru mweupe. Safari iliyopangwa kuwa fupi iliendelea hadi 1915, na ndege peke yao walikusanywa zaidi ya 6,000. Mizigo hiyo yote ilibebwa na wapagazi, na wawindaji wa msituni ndio walioonyesha wapi pa kutafuta. Majina yao ni machache mno katika historia ya safari hiyo.

Unyoya ule ulikaa New York bila jina. Chapin aliendelea na kazi yake kubwa, kitabu cha ndege wa Kongo ya Ubelgiji, ambacho juzuu la kwanza lilitoka 1932 na la nne 1954. Mwaka 1936, akiwa kwenye makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels, aliona juu ya kabati, katika ujia, ndege wawili waliokaushwa ambao hakuna aliyewajali. Kibandiko kilisema ni tausi wa India, tena wachanga. Manyoya ya bawa la jike yalikuwa sawa na ule unyoya wa Avakubi.

Hakuwa tausi wa India hata kidogo. Mwaka huohuo Chapin alimpa jina la kisayansi, Afropavo congensis, na wataalamu wakapigwa na butwaa, kwani hadi hapo iliaminika kwamba tausi ni ndege wa Asia tu. Siku hizohizo rafiki yake Mbelgiji alimsimulia kwamba mwaka 1930 alikuwa amekula ndege kama huyo kwenye mgodi wa Angumu. Ndivyo ilivyokuwa: ndege asiyejulikana Ulaya alikuwa akipikwa Kongo, na wawindaji walimfahamu vizuri sana. Mwaka 1937 Chapin alirudi, akaingia msituni pamoja na wawindaji hao, na safari hii tausi walipatikana.

Kwa nini ndege mkubwa kiasi hicho alijificha macho ya watafiti kwa muda mrefu? Sehemu ya jibu ni jinsi anavyoishi. Tausi wa India hukusanya majike kwa kutandaza manyoya yake marefu mahali pa wazi. Tausi wa Kongo hana manyoya hayo marefu. Dume ni la buluu iliyoiva, shingo yake ina ngozi nyekundu iliyo wazi, na kichwani ana nywele nyeupe zilizosimama. Huishi na jike mmoja, na husaidia kuwalinda vifaranga. Mchana wawili hao hutembea kimya chini ya miti, mahali ambapo jicho halifiki mbali.

Usiku mambo hugeuka. Wakiwa wamelala juu ya miti, dume na jike huitana, wakipokezana kwa muda, na sauti hiyo husikika mbali. Wataalamu wa ndege wanaoishi wawili wawili wanaona kwamba kuitikiana namna hiyo huwaunganisha wenzi, na pia huwajulisha majirani kwamba eneo hilo lina wenyewe. Kwa mtafiti aliyezoea kutembea mchana na bunduki mkononi, tausi huyu ni kama hayupo. Kwa mtu anayelala msituni, huyo ni jirani anayejulikana kwa sauti.

Chapin mwenyewe alirudi Kongo mara kadhaa zaidi, na katika miaka ya 1950 aliishi Kivu akiendelea na utafiti. Alifariki dunia New York Aprili 5, 1964, akiwa na umri wa miaka 74.

Tausi wake hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote ila Kongo. Mitego ya waya hukamata kila kinachotembea chini, na kambi za machimbo ndani ya msitu zinahitaji nyama. Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye makao yake Epulu, ni mojawapo ya sehemu ambako bado yupo. Makao hayo yalishambuliwa Juni 2012, watu wakauawa pamoja na okapi waliofugwa hapo.