Mekatilili wa Menza na Mlango wa Kaya

Ndugu msomaji, hapa kwetu Kilifi jina la Mekatilili tunalisikia tangu tukiwa wadogo, lakini wengi wetu tunajua kisa cha kuku na vifaranga basi. Katika makala haya hebu tumtazame kwa jicho jingine: kama mwanamke aliyeelewa vizuri habari ya ruhusa. Nani aingie, nani azuiwe, na nani ana haki ya kuvunja zuio?

Alizaliwa katika karne ya 19 huko Mutsara wa Tsatsu, upande wa Bamba, akaitwa Mnyazi wa Menza. Alipomzaa Katilili ndipo akawa Mekatilili, yaani mama Katilili. Inasimuliwa kuwa angali msichana alimwona nduguye akikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, asirudi tena.

Kitovu cha Wagiriama kilikuwa Kaya Fungo, ndani ya msitu. Usidhani ni msitu wa kuingia ovyo! Watu walipita kwa njia zake na malango yake. Kukata miti ilikuwa mwiko, na fingo, ile kinga iliyozikwa ardhini, ilikuwa chini ya wazee wachache tu. Wenzetu wanaosoma kompyuta wataelewa upesi. Kiini cha mfumo endeshi humkagua kila anayetaka kufungua faili: huyu asome tu, yule aandike, mwingine asiguse kabisa. Kaya nayo ilikuwa na daraja zake. Hata barazani wasemaji walikuwa wanaume. Lakini Mekatilili alikuwa mjane, na mjane alikuwa na nafasi ambayo mke wa mtu hakuipata kwa urahisi. Akaitumia.

Sasa, kwenye kompyuta yupo pia mtumiaji mkuu, ambaye mazuio ya kawaida hayamzuii. Serikali ya Waingereza ilijiona hivyo. Mwaka 1912 Arthur Champion alikuja kuwatawala Wagiriama. Akataka kodi ya vibanda, akataka na vijana wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu. Mekatilili akazunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu walikuja kutazama, wakabaki kusikiliza.

Mwaka 1913 yeye na Mzee Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi: atakayemsaidia mzungu, kiapo kimpate. Kazi ya Champion ikakwama. Vibarua hakuna, kodi nayo taabu tupu.

Oktoba 1913 wawili hao walikamatwa, wakapelekwa mbali kabisa, Kisii. Januari 1914 wakatoroka na kurudi kwa miguu, mamia ya kilomita! Serikali ilikuwa imeshaifunga kaya kwa amri. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, kaya ikalipuliwa kwa baruti. Wagiriama wakainuka. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na walionusurika wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili akakamatwa tena mwezi huohuo.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Ni kweli, vitani Wagiriama walishindwa. Lakini baruti ilivunja mlango tu. Kiapo hakikuwa kwenye miti wala malango, kilikuwa vifuani mwa watu. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje walirudi, wakakaa kayani: Wanje akiongoza baraza la wanaume, Mekatilili la wanawake. Kumbe yule ambaye desturi haikumpa nafasi ya kusema barazani, sasa ana baraza lake!

Alifariki miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda, pamoja na Kaya ya Wagiriama, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wanafunzi wenzangu, kuweza kufungua kila mlango si sawa na kuwa na haki ya kuingia. Champion aliweza, lakini hakuna Mgiriama aliyempa ruhusa. Basi siku ukienda kutembelea kaya, tafuta wazee kwanza, uliza, vua viatu, na wakikuambia hapa mwisho, simama.