Igor Sikorsky: Helikopta iliyoanzia shamba la kuku

WAKULIMA wa Bunda wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti wanaijua hasara ya tembo kuingia shambani mazao yakiwa yamekomaa. Miongoni mwa vyombo vinavyotumika nchini kuwaswaga tembo warudi hifadhini ni helikopta, ambayo mlio wake husikika kabla yenyewe haijaonekana. Mtu aliyeifanya helikopta kuwa bidhaa ya kuuzika ni Igor Sikorsky, mhamiaji aliyeanza biashara karibu mikono mitupu.

Sikorsky alizaliwa Mei 25, 1889 mjini Kiev, Ukraine, wakati huo ikiwa sehemu ya Dola ya Urusi. Mwaka 1909 alikwenda Paris, akanunua injini ya nguvu za farasi 25 na kurudi nayo nyumbani kutengeneza helikopta. Ya kwanza haikunyanyuka. Ya pili, ya mwaka 1910, iliweza kujinyanyua yenyewe lakini si kumbeba rubani. Akatambua kuwa injini za wakati ule zilikuwa nzito na dhaifu, na kwamba kung'ang'ania kungeteketeza fedha za familia. Akaiweka kando helikopta na kugeukia ndege za mabawa.

Huko alifanikiwa haraka. Mwaka 1913 alirusha ndege ya kwanza duniani yenye injini nne. Lakini Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 yalivuruga kila kitu, na Machi 1919 alifika New York akiwa mkimbizi. Vita ilikuwa imekwisha na kazi ya kutengeneza ndege ilikuwa adimu, hivyo alijikimu kwa kuwafundisha hisabati wahamiaji wenzake.

Mwaka 1923 alianzisha kampuni yake katika shamba la kuku la rafiki yake, Long Island. Wahamiaji wenzake walinunua hisa kidogo kidogo. Baadhi ya vyuma vilitoka kwa wauza skrepa, vikiwamo vya vitanda vya hospitali. Mwanamuziki maarufu Sergei Rachmaninoff aliweka dola 5,000. Mei 1924 ndege ya kwanza ilipojaribiwa ilianguka, kwa sababu injini zake kuukuu hazikuwa na nguvu za kutosha. Sikorsky aliwaita wanahisa, wakachanga dola 2,500 za injini nyingine, na ndege ikaruka.

Kilichoisimamisha kampuni ni S-38 ya mwaka 1928, ndege iliyoweza kutua majini na nchi kavu. Zaidi ya 100 ziliuzwa. Moja ililetwa Afrika Mashariki mwaka 1933 na watengeneza filamu wa Marekani, Martin na Osa Johnson, ikiwa imepakwa mistari ya pundamilia.

Mwaka 1929 kampuni iliingia chini ya shirika kubwa la United Aircraft. Soko la ndege za majini liliposhuka mwaka 1938, shirika liliamua kuifunga shughuli hiyo. Sikorsky aliomba jambo moja tu: aachiwe kikundi chake cha wahandisi atengeneze helikopta. Sasa injini zilikuwa nyepesi na zenye nguvu. Septemba 14, 1939 helikopta yake, VS-300, ilinyanyuka ikiwa imefungwa kamba, mwenyewe akiiendesha. Ilikuwa na mapanga makubwa juu, na pangaboi dogo mkiani la kuzuia kiwiliwili kisizunguke. Mpangilio huo ndio unaotumika katika helikopta nyingi hadi leo.

Mpangilio huo una gharama yake, nayo ni kelele. Ncha za mapanga hukimbia kwa kasi inayokaribia ile ya sauti, na kila panga hukutana na hewa iliyovurugwa na lililotangulia. Pangaboi la mkiani nalo huongeza mlio wake. Wahandisi waliofuata wamepunguza kasi ya mapanga, wakaongeza idadi yake, wengine wakalizingira pangaboi la mkiani. Lakini kila hatua hudai kitu, ama uzito zaidi au nguvu zaidi. Na mlio unaomfukuza tembo shambani ndio huohuo unaoweza kumtimua mnyama ambaye mtalii amelipa kumwona.

Sikorsky alifariki Oktoba 26, 1972 huko Connecticut, Marekani, akiwa na umri wa miaka 83.

Kati ya helikopta iliyoshindwa na iliyoruka ilipita miaka 29. Muda wote huo aliishi kwa kuuza kile ambacho soko lilikihitaji, huku akilinda ujuzi na watu wake. Mfanyabiashara wa samaki Musoma anayetamani chumba cha baridi, au mkulima wa Butiama anayetaka mashine ya kusindika muhogo, hana sababu ya kulitupa wazo lake. Wala hana sababu ya kulikopea leo kama umeme, vipuri au wanunuzi bado hawajawa wa uhakika.