Martin Ndayahoze, Mtumishi wa Mapinduzi Aliyeuawa na Wenzake

Kila tarehe 29 Aprili tunawakumbuka marehemu wetu. Safari hii kamati imetuomba sisi walimu tuandike juu ya mtu mmoja, nasi tumemchagua Martin Ndayahoze, afisa wa jeshi la Burundi.

Tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero alimpindua Mfalme Ntare wa Tano, akatangaza Jamhuri. Chama kilikuwa kimoja tu, UPRONA, na vijana wake wakaitwa Vijana wa Mapinduzi wa Rwagasore. Ndayahoze, Mhutu, aliyatumikia mapinduzi hayo kama Waziri wa Habari, kisha wa Uchumi, hata Katibu Mkuu wa chama.

Mwaka 1968 alimwandikia Rais ripoti. Alieleza kuwa sumu ya ukabila haitoki kwa mkulima wa mlimani, bali kwa wakubwa wanaogombania vyeo na kutisha watu kwa habari za njama. Kumwambia mkubwa hayo si jambo dogo.

Desemba 1969 maafisa na viongozi Wahutu waliuawa kwa tuhuma za njama. Mwaka 1971 ikawa zamu ya Watutsi waliokuwa ndani ya utawala huo huo. Walihukumiwa kifo Januari 1972, kisha wakapunguziwa adhabu. Tunalitaja hili makusudi, maana vijana wetu wengi hawalijui.

Tarehe 29 Aprili 1972 Micombero aliwafukuza mawaziri wote. Usiku ule uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wakaua raia wengi, hasa Watutsi. Serikali ikawageukia Wahutu waliosoma: askari, wauguzi, wanafunzi, walimu. Ndayahoze alikamatwa mwanzoni kabisa, akauawa. Waliokufa mwaka ule wanakadiriwa kati ya 100,000 na 300,000.

Kwetu Buterere, karibu na uwanja wa ndege, malori yalileta maiti usiku, zikafukiwa kwa mashine. Sisi tulizaliwa baadaye. Tulicheza mpira upande ule, na wazee walituita turudi nyumbani bila kutueleza sababu. Tulipokwenda chuo cha ualimu, bibi mmoja wa jirani alilia. Wazazi wengi Wahutu wa wakati wake walikataa kuwapeleka watoto shule, kwa kuwa waliochukuliwa mwaka 1972 walikuwa wale waliojua kusoma.