Jacques Calvé, daktari aliyetofautisha ugonjwa wa nyonga na kifua kikuu

GOMA – Waganga wa mifupa wa Goma, kama wenzao duniani, wanataja jina la Mfaransa Jacques Calvé kila wanapozungumza juu ya ugonjwa wa Legg-Calvé-Perthes. Ugonjwa huo unapata watoto, wavulana zaidi, hasa kati ya miaka 4 na 8. Damu inaacha kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia katika nyonga, na sehemu hiyo ya mfupa inakufa.

Calvé alizaliwa mwaka wa 1875. Alifanya kazi Berck, mji ulio kando ya bahari kaskazini mwa Ufaransa, ambako hospitali ilipokea watoto wenye kifua kikuu cha mifupa. Wakati ule dawa za kuponya kifua kikuu hazikuwepo. Mtoto aliyechechemea na kuumwa nyonga alihesabiwa mara nyingi kuwa na ugonjwa huo, akalazwa muda mrefu mbali na wazazi.

Picha za radio za mifupa zilikuwa bado mpya, kwani ziligunduliwa mwaka wa 1895. Calvé alizipitia upya picha za nyonga za wagonjwa wa Berck, akakuta watoto 10 ambao hali yao haikufanana na kifua kikuu. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimebapa, lakini ugonjwa haukuendelea kula kiungo.

Alitangaza jambo hilo mwaka wa 1910. Mwaka huo huo Arthur Legg wa Boston, Marekani, na Georg Perthes wa Ujerumani waliandika pia juu ya ugonjwa huo, kila mmoja kwa upande wake. Calvé alidhani chanzo ni kasoro katika ukuaji wa mfupa. Legg ndiye aliyekaribia ukweli, kwa kuona kwamba damu ilikuwa imezuiwa. Mpaka leo sayansi haijaeleza kwa nini damu hiyo inakatika.

Mwaka wa 1925 Calvé alieleza ugonjwa mwingine wa watoto, ule wa pingili ya uti wa mgongo inayobapa. Alifariki mwaka wa 1954.

Kazi yake inawahusu wazazi wa Goma hata sasa. Nchini Kongo kifua kikuu bado kipo, na drepanositozi, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo inaweza kuua kichwa kile kile cha mfupa. Kila ugonjwa una matibabu yake, kwa hiyo radio na kipimo cha damu ni vya lazima.

Mtoto mwenye shida ya nyonga anaweza kulalamikia goti. Akichechemea kwa wiki kadhaa, apigwe radio ya nyonga pia. Akiwa na homa na kushindwa kukanyaga, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Katika ugonjwa wa Calvé mfupa hujijenga upya kwa miaka kadhaa, na kazi ya daktari ni kusaidia kichwa chake kibaki cha mviringo ndani ya nyonga.