Gitaa la Mbaraka Mwinshehe na mimi ninayeiga



Likizo hii nipo Kariakoo kwa baba mdogo, anauza vyombo vya plastiki karibu na Mtaa wa Kongo. Kelele za pale mnazijua: spika za matangazo, mikokoteni, kila duka na wimbo wake. Juzi jirani anayeingiza nyimbo kwenye flashi akaweka Shida ya Mbaraka Mwinshehe. Wimbo ule nimeusikia tangu utotoni, ila siku hiyo nilisimama. Nilimtambua kabla hajaimba neno. Gitaa peke yake lilitosha.

Na iliniuma kidogo. Mimi napiga solo kwenye kwaya ya vijana parokiani. Mwaka wa tatu sasa najifunza kwa video, nimeshika mapigo ya mpigaji mmoja wa Kongo, nota kwa nota. Pasaka iliyopita, baada ya Misa, mama mmoja wa kwaya aliniambia kwamba napiga vizuri sana, ila akifumba macho hanioni mimi. Nilicheka. Usiku usingizi ulikuja kwa taabu.

Basi nikaanza kumfuatilia Mbaraka. Alizaliwa 1944 huko Mzenga, Kisarawe, si mbali na hapa Dar. Alikuwa Mwislamu, hayumo kwenye kalenda yetu ya watakatifu, na sitaki kumfanya awe kitu ambacho hakuwa. Katikati ya miaka ya 1960 aliingia Morogoro Jazz. Enzi hizo wapiga gitaa wetu walikuwa wanasikiliza santuri za Kongo, kina Franco na Dokta Nico, na kabla ya hapo za Kuba. Mbaraka naye alisikiliza, na kwenye nyimbo zake za mwanzo unawasikia kabisa. Aristotle anafundisha kwamba binadamu huanza kujifunza kwa kuiga, na kwamba katika hilo tunawazidi wanyama wote. Kwa hiyo kuiga si kosa (hapo nilijipa moyo).

Ila Mbaraka hakubaki hapo. Bendi za wakati ule zilitambulikana kwa mtindo: hapa Dar, NUTA walikuwa na Msondo, Western wana Saboso. Morogoro Jazz waliwahi kuuita wao Likembe, jina la ala ya Kikongo. Mwaka 1970 alisafiri na bendi hiyo mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mtu mwingine angetulia, jina si limeshapatikana? Yeye mwaka 1973 akaondoka, akaanzisha Super Volcano, na mtindo akauita Masika. Yaani mvua zetu wenyewe, zile za Machi mpaka Mei zinazojaza maji Jangwani.

Nimemsikiliza wiki mbili mfululizo. Ninavyosikia mimi (wanamuziki wanisahihishe), gitaa lake linaongea Kiswahili. Akishaimba sentensi, gitaa linaijibu kwa mwendo uleule, linasita pale msemaji angesita, linakaza pale sisi tunapokaza, silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana halina haraka. Vidole vyake vilijua kukimbia, ila vilisubiri maneno. Mimi sijawahi kusubiri maneno. Na nikiwa mkweli, hata sala zangu za jioni nyingi ni hivyo hivyo, mapigo ya mtu mwingine niliyoyakariri vizuri.

Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. Na Super Volcano alikaa miaka sita tu hivi.

Sasa hivi video nimeziweka pembeni. Nauimba kwanza wimbo wa katikati kwa mdomo, polepole, halafu nautafuta kwenye nyuzi. Unatoka vibaya, we acha tu. Jumamosi nilijaribu mazoezini, nikakosea mara mbili, na mwalimu wa kwaya akaniomba nirudie ile ya zamani. Yule mama alikuwepo, hakusema kitu.

Jumapili sijui nitapiga ipi. Niombeeni. Na mkipita Kariakoo mkamsikia Mbaraka, mwombeeni na yeye.