Soichiro Honda: fundi aliyeanza na injini zilizoachwa na vita

Safari hii, katika nafasi ya maisha ya watu waliojulikana, tunaleta mtu mwenye jina lake limeandikwa kwenye tangi la moto. Tangu Sake mpaka Masisi-centre, tangu Mubi mpaka Walikale, kila motari anajua Honda ni moto. Wengi hawajui kwamba Honda alikuwa mtu, tena mtoto wa mhunzi.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake Gihei alifua chuma na kutengeneza baiskeli. Mama yake Mika alifuma vitambaa. Akiwa na miaka 15 alienda Tokyo kuomba kazi kwenye garaji ya Art Shokai. Miezi ya kwanza hawakumpa ufunguo hata mmoja: walimpa mtoto wa patron alee. Akavumilia, akiangalia mikono ya mafundi wakubwa. Mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la garaji hiyo.

Kazi ilienda vizuri, lakini yeye alitaka kutengeneza vyombo, siyo kurekebisha tu. Akachagua segma, zile pete zinazozunguka pistoni. Ni kitu kidogo, lakini fundi wetu yeyote atakuambia kazi yake: segma ikichoka, moshi wa bluu unatoka, injini inakunywa mafuta, na mlima haupandi tena, hata ukiwa umebeba gunia moja tu la maharagwe. Ikiwa laini mno inaisha haraka. Ikiwa ngumu mno inakwaruza silinda.

Honda aliyeyusha chuma usiku na mchana, segma zikawa zinavunjika. Kiisha akaenda kumuuliza mwalimu wa shule ya ufundi, akajua chuma chake kilipungukiwa silikoni. Basi yeye, patron mwenye wafanyakazi, akakaa darasani pamoja na vijana. Mitihani hakutaka kufanya, diploma hakupata, ila alitoka amejua alichokifuata. Hata hivyo, Toyota walipopima segma zake 50, zilizofaa zilikuwa 3 tu. Akarudi kwenye mashine mpaka akafaulu, na kiwanda chake cha Tokai Seiki kikawa kinawauzia.

Vita ikaja. Tusifiche: kiwanda chake kilifanya kazi ya vita kama viwanda vingine vya Japani wakati ule. Mabomu ya ndege za Marekani yakaharibu sehemu moja, na Januari 1945 tetemeko la ardhi likaangusha nyingine. Vita ilipoisha aliuza mabaki kwa Toyota, akapumzika karibu mwaka mmoja.

Hapa ndipo maisha yake yanagusa yetu sisi tuliorudi. Mwaka 1946 Japani ilikuwa na miji iliyoungua, na treni zilijaa watu waliokuwa wanatafuta chakula vijijini. Honda akapata injini ndogo karibu 500 ambazo jeshi lilitumia kuwasha redio zake na sasa hazikuwa na mwenyewe. Aliona zinaweza kusukuma baiskeli. Hakuzifunga vivi hivi na kuuza. Alizifungua moja moja, akasafisha, akatengeneza upya, akajaribu, ndipo akauza. Kwa tangi ya kwanza alichukua chupa ya maji ya moto, ile watu wanawekea kitandani wakati wa baridi. Esansi ilikuwa ya kugawiwa, basi akaichanganya na mafuta ya utomvu wa misonobari. Moshi ulikuwa mwingi, lakini baiskeli ilitembea. Mke wake Sachi alikuwa kati ya watu wa kwanza kuijaribu barabarani.

Wanunuzi wakajaa, na injini za jeshi zikaisha. Angekuwa mchuuzi tu, hadithi ingefia hapo. Lakini yule aliyekuwa amezifungua zote alijua namna zinavyofanya kazi, na mwaka 1947 akatoa injini yake mwenyewe. Mwaka 1948 akaanzisha kampuni ya Honda; mwaka 1949 akaja Takeo Fujisawa, aliyeshika mambo ya pesa na biashara, kazi ambayo Honda mwenyewe hakuiweza. Mwaka 1958 wakatoa Super Cub, na kufika 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Honda aliacha uongozi mwaka 1973, akafariki tarehe 5 Agosti 1991.

Tumeandika maisha haya kwa sababu mkutano mkuu unakuja, na mabishano mnayajua. Wamoja wanasema mchango wa wafadhili ununue moto mpya chache, zipigiwe kura. Wengine wanasema tununue vyombo vya garaji, ili zile Honda XL 125, Yamaha AG 100 na TVS zilizokutwa na kutu nyuma ya nyumba zirudi barabarani: vyombo vya kupima silinda, vipande vyembamba vya kupima nafasi ya segma, segma na pistoni za saizi kubwa kwa silinda iliyopanuliwa, na kulipa turneri wa Goma kwa kazi ya mashine mpaka vijana wetu waijue.

Sisi wa kamati tuko upande wa vyombo. Moto mpya ikifika Nyabiondo au Pinga, barabara itaichosha kama ilivyochosha zingine, na hapo tutaomba tena. Msaada ni kama zile injini 500: una mwisho, na wafadhili wenyewe wanatuambia hivyo. Jambo la kuuliza ni nani kati yetu atakuwa amejifunza siku utakapoisha.

Wenye wako na injini nzee, msiuze kwa kilo ya chuma kabla ya mkutano. Leteni kila kipande, hata kama imekwama, na mwandike jina juu yake.